Kliniki ya kongosho jijini Nairobi: tathmini ya huduma, tangu umanjano wa macho hadi baada ya upasuaji

Kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa kongosho, ubora wa hospitali huonekana kwanza katika mpangilio wa hatua zake: kipimo gani kinatangulia, kipi kinasubiri, na ni nani wanaokaa pamoja kuamua. Mashine ni muhimu na daktari bingwa ni muhimu, lakini kipimo au tiba inayofanywa kabla ya wakati wake inaweza kuharibu picha ambayo daktari huyo bingwa ataihitaji wiki inayofuata. Kliniki ninayoitathmini hapa imo ndani ya hospitali kubwa ya binafsi jijini Nairobi na hushughulikia magonjwa ya ini, nyongo na kongosho. Mpangilio huo imeusimamia vizuri kuliko nilivyotarajia, na ndiyo sababu naandika kwa urefu. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa aliyetibiwa ni mjomba wangu, na watu wanaopasuliwa kongosho nchini ni wachache kiasi kwamba jina la hospitali pamoja na maelezo ya ugonjwa vingetosha kumtambulisha. Msomaji anaweza kuvichukua vigezo ninavyovitumia na kuvipeleka katika hospitali yoyote anayoifikiria.

Mjomba ni mkazi wa Mombasa, karani mstaafu. Alianza kupungua mwili na kupoteza hamu ya chakula, kisha akapimwa damu na kukutwa na kisukari ambacho hakijawahi kuonekana katika ukoo wetu wa upande wa mama. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo na vidonge vya sukari, na uchunguzi ukaishia hapo. Laiti wahudumu wengi zaidi wangelikumbuka jambo hili: kati ya watu waliovuka miaka 50 wanaopata kisukari kipya, takriban mmoja kati ya 100 hugunduliwa kuwa na saratani ya kongosho ndani ya miaka 3, na uzito unaoshuka bila sababu huongeza shaka hiyo. Baadaye macho yakageuka manjano, mkojo ukawa wa kahawia iliyokoza, choo kikapauka na ngozi ikawa inawasha usiku kucha, yote hayo bila maumivu makali. Ludwig Courvoisier, daktari mpasuaji wa Uswisi, aliandika mwaka 1890 kwamba umanjano unaoambatana na kifuko cha nyongo kilichovimba bila maumivu ni nadra kusababishwa na mawe, na hadi leo madaktari hufundishwa kuufikiria uvimbe kwanza wanapokutana na hali hiyo. Ultrasaundi iliyofanywa mjini ilionyesha mirija ya nyongo iliyotanuka pamoja na kivuli kisichoeleweka kwenye kichwa cha kongosho.

Kongosho hulala kwa upana nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, na lina urefu wa sentimita 15 hivi. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na mkia wake unafika kwenye wengu. Mrija wa nyongo hupita ndani ya kichwa hicho kabla ya kumwaga nyongo kwenye utumbo, kwa hiyo hata uvimbe mdogo wa kichwani huweza kuuziba na kumgeuza mtu manjano mapema, wakati ule wa katikati au wa mkiani huweza kukua kwa muda mrefu bila dalili isipokuwa maumivu ya mgongo yanayodhaniwa kuwa ya uzee. Mahali hapo palipojificha ndipo panapoeleza kwa sehemu kubwa ukali wa takwimu zake. Mwaka 2022 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 510,000 wa saratani ya kongosho, na vifo zaidi ya 467,000 katika mwaka huo huo, na ni wagonjwa 15 hadi 20 tu kati ya 100 wanaogunduliwa uvimbe ukiwa bado unaweza kuondolewa kwa upasuaji. Marekani, yenye hospitali nyingi kuliko tunavyoweza kuota, ni wagonjwa 13 tu kati ya 100 wanaoishi miaka 5 baada ya kugunduliwa. Nayaandika haya kwa sababu yeyote anayeitathmini huduma ya ugonjwa huu lazima aujue ukubwa wa kazi ambayo huduma hiyo inajaribu kuifanya.

Hospitali ya mjini ilipoiona ultrasaundi hiyo ilipendekeza mjomba awekewe stenti siku inayofuata, yaani kijibomba cha kuuzibua mrija wa nyongo, ili umanjano upungue. Ilikuwa rai ya nia njema, na sisi jamaa tuliipokea kwa furaha, maana tulimwona mzee wetu akijikuna hadi damu. Mkaza mjomba ndiye aliyesisitiza tupige simu Nairobi kwanza. Simu ilipokewa na muuguzi mratibu wa kliniki, naye kabla hata ya kuuliza habari za bima aliuliza kama mgonjwa ameshawekewa stenti, kama ana homa, na kama ameshapigwa picha ya CT yenye dawa ya mshipani iliyopangwa mahususi kwa ajili ya kongosho. Alipojibiwa kwamba hana stenti wala homa, alisema kwa upole lakini bila kusitasita: “Basi naomba asiwekewe chochote mpaka tuione picha.” Kwa maoni yangu huo ndio ushauri wenye thamani kubwa kuliko wote tuliopewa, na ulitolewa na muuguzi, kwa simu, bila malipo.

Sababu yake tulielezwa baadaye. Stenti, hasa ya chuma, hutupa vivuli kwenye picha ya CT, na kitendo chenyewe cha kuipitisha kwa njia ya ERCP, yaani kwa endoskopi inayoingizwa mdomoni hadi kwenye tundu la mrija wa nyongo, husababisha uvimbeuchungu wa kongosho kwa wagonjwa kadhaa katika kila 100, na hapo tishu zilizo kando ya uvimbe hutibuka kiasi kwamba daktari hawezi tena kutofautisha saratani na jeraha. Tena, kwa mgonjwa anayeweza kupelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji, stenti inaweza kumletea madhara bila faida. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha wagonjwa wenye umanjano wa wastani waliopasuliwa mapema na wale waliozibuliwa kwanza mrija wa nyongo. Matatizo makubwa yaliwapata 39 kati ya 100 katika kundi la kwanza, na 74 kati ya 100 katika kundi la pili. Stenti ina mahali pake, na mjomba hatimaye aliwekewa, lakini ilikuja baada ya picha na baada ya uamuzi.

Picha yenyewe ilipigwa Nairobi. Ilichukuliwa kwa vipande vyembamba na katika awamu mbili. Ya kwanza ni sekunde chache baada ya dawa kuingia mshipani, wakati kongosho lenye afya linapong'aa na uvimbe unabaki mweusi. Ya pili huja baadaye kidogo, dawa inapokuwa imefika kwenye veni na ini. Ripoti tuliyopewa ilikuwa ya kurasa mbili, na nataka kuisifu kwa dhati, kwa sababu nimeshuhudia ripoti za mstari mmoja zinazosema “uvimbe wa kongosho, linganisha na hali ya mgonjwa” na kumwacha daktari akipapasa gizani. Hii ilieleza ukubwa wa uvimbe, mahali ulipo, jinsi unavyoigusa kila ateri na kila veni iliyo jirani, hali ya tezi za limfu, ini, na utando wa tumbo. Ilisema kwamba ateri inayolisha utumbo ilikuwa huru, lakini veni iliyo pembeni mwake ilikuwa imezungukwa na uvimbe kwa zaidi ya nusu ya mzingo wake. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoamua njia yote ya matibabu, kwani kwa kigezo hicho uvimbe wake uliwekwa katika kundi la mpakani: si ule wa kukatwa mara moja, wala si ule usiokatika.

Kabla ya kikao cha madaktari tulikaribishwa katika chumba kidogo chenye michoro ukutani, na muuguzi yule yule akatueleza kwa Kiswahili fasaha kwamba uvimbe wa kongosho si ugonjwa mmoja. Takriban 9 kati ya saratani 10 za kongosho huanzia kwenye seli za vijifereji vinavyopitisha maji ya kumeng'enya chakula, nazo ndizo kali. Kundi jingine huanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni, na mara nyingi hukua taratibu. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aligunduliwa kuwa na uvimbe wa kundi hili mwaka 2003 na akaishi hadi 2011. Baadhi ya uvimbe wa homoni hutoa insulini kupita kiasi na kumwangusha mtu kwa kushuka kwa sukari, na wengi wao si saratani. Kuna pia vifuko vya maji: vingine havigeuki kuwa saratani na huachwa, vingine huangaliwa kwa picha kila baada ya muda maalumu, na vingine huondolewa kabla havijaharibika. Kuna uvimbe unaowapata zaidi wanawake vijana, ambao ukikatwa wote mgonjwa hupona katika hali nyingi. Na kuna magonjwa yanayoiga saratani, kama vile kifua kikuu cha kongosho na uvimbeuchungu unaotokana na kinga ya mwili kujishambulia, ambayo tiba yake ni vidonge. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama yetu hilo si jambo la kupuuzwa. Nimekutana na familia zilizorudi nyumbani kumsubiri mgonjwa wao afe baada ya kusikia neno “uvimbe” tu, bila mtu yeyote kuwauliza ni uvimbe wa aina gani.

Kipimo cha damu cha CA 19-9, kitu ambacho mara nyingi hutolewa kwa wingi na saratani ya kongosho, kilitumiwa kwa kiasi, na hilo pia nimelipenda. Kiwango cha kawaida hakizidi uniti 37 kwa mililita, na cha mjomba kilikuwa juu mara nyingi zaidi, lakini daktari alikataa kukifanya hukumu. Alieleza kwamba nyongo iliyoziba hukipandisha hata pasipo saratani, na kwamba wapo watu ambao kwa maumbile ya damu yao hawakitengenezi kabisa hata saratani ikiwa imeenea, na idadi ya watu hao ni kubwa zaidi miongoni mwa wenye asili ya Afrika kuliko wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo mtu anayepimwa CA 19-9 peke yake katika maabara ya mtaani, akaambiwa kwamba yu salama kwa sababu namba ni ndogo, amedanganywa bila kukusudiwa. Manufaa yake makubwa ni kufuatilia mwenendo wa ugonjwa baada ya matibabu kuanza, na ndivyo kilivyotumiwa kwetu.

Nyama ya uvimbe ilichukuliwa kwa endoskopi yenye ultrasaundi kwenye ncha yake, inayopitishwa mdomoni hadi kwenye duodeni, na kutoka hapo sindano nyembamba huingia kwenye kongosho ikiongozwa na picha. Njia hii huuona hata uvimbe mdogo ambao CT imeukosa. Tuliuliza kwa nini wengine hupasuliwa bila kuchukuliwa nyama, nasi tukajibiwa kwamba pale picha inapoonyesha wazi uvimbe unaokatika, si lazima kusubiri maabara, lakini hakuna mtu anayepaswa kupewa tibakemikali bila ushahidi wa seli. Bilirubini ya mjomba, yaani rangi ya nyongo inayoleta umanjano, ilikuwa imepanda mno na tibakemikali ilikuwa ndiyo hatua inayofuata, kwa hiyo katika usingizi ule ule wa dawa akawekewa stenti fupi ya chuma. Ya plastiki ni rahisi zaidi, lakini mara nyingi huziba baada ya miezi mitatu hivi, na kuziba katikati ya tibakemikali, kinga ya mwili ikiwa chini, ni hatari kubwa. Muwasho ulipungua, akalala usingizi wake wa kwanza wa maana.

Sasa nifike kwenye kiini cha huduma hii. Kila wiki kliniki hufanya kikao cha jopo: daktari mpasuaji wa kongosho, daktari wa saratani, wa radiolojia, wa patholojia, wa endoskopi, wa mionzi, muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, na mtaalamu wa lishe. Picha za mgonjwa huwekwa mbele ya wote, na uamuzi huandikwa pamoja na sababu zake. Sisi hatukuingia kikaoni, lakini siku ya pili yake daktari mpasuaji alikaa na mjomba, akamwita “mzee wangu”, akampa karatasi ya uamuzi na kuipitia mstari kwa mstari. Daktari huyo, ambaye kipato chake kinatokana na upasuaji, ndiye aliyesema kwamba kisu kisubiri. Kukata mara moja, alisema, kungehatarisha kuacha seli kwenye ukuta wa veni, na pia seli ndogo zisizoonekana huenda zilishasafiri, hivyo dawa itangulie, picha irudiwe, kisha jopo liamue upya. Mjomba aliuliza kama kusubiri hakutampa ugonjwa nafasi ya kuenea. Daktari hakumtuliza kwa maneno matupu. Alikiri kwamba kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huenea wakati wa dawa, na kwamba hao ndio ambao upasuaji mkubwa ungewaumiza bila kuwasaidia. Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi, na bado naliona kuwa la haki.

Dawa zilizochaguliwa ni FOLFIRINOX, mchanganyiko wa tibakemikali wa dawa kadhaa, uliopunguzwa nguvu kidogo. Mwaka 2011 mchanganyiko huo ulionyeshwa kuwapa wagonjwa ambao saratani imeenea wastani wa miezi 11.1 ya uhai, badala ya 6.8 kwa gemsitabini, dawa ya zamani zaidi ya tibakemikali, ikitumiwa peke yake, na mwaka 2018 wagonjwa wenye nguvu waliopewa baada ya upasuaji walifikia wastani wa miezi 54.4, ikilinganishwa na 35 kwa gemsitabini. Si dawa ya kila mtu. Hutolewa kila baada ya wiki mbili, na sehemu yake huingia taratibu kwa saa 46 kupitia pampu ndogo ambayo mgonjwa hurudi nayo nyumbani. Kliniki ilifanya jambo la busara kwa kuandika mpango mzima na kuukabidhi kwa daktari wa saratani wa Mombasa, ili mzee asilazimike kupanda treni au ndege akiwa na kichefuchefu. Vidole vilikufa ganzi kila alipogusa kitu baridi, kuhara kukamsumbua, na uzito ukayumba. Hapa ndipo nina lawama yangu ya kwanza. Karatasi ya maelekezo ilisema kwamba homa wakati wa tibakemikali ni dharura na ipigwe simu saa yoyote, lakini namba iliyoandikwa haikupokewa usiku. Homa ilimshika usiku, tukakimbilia hospitali ya karibu, na daktari wa zamu, kwa rehema za Mungu, alijua kwamba viuavijasumu havisubiri asubuhi. Namba ya dharura isiyopokewa ni hatari kuliko kutokuwa na namba, kwa sababu familia hupoteza muda ikiitegemea.

Baada ya dawa, picha ilirudiwa, CA 19-9 ikawa imeshuka sana, na jopo likaridhia upasuaji. Upasuaji wa kichwa cha kongosho hujulikana kwa jina la Allen Whipple wa New York, aliyeueleza mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikuwa ameufanya mwaka 1909. Huondolewa kichwa cha kongosho, duodeni, kifuko cha nyongo, sehemu ya mrija wa nyongo, na mara nyingine sehemu ya mfuko wa chakula, kisha utumbo huunganishwa upya na kongosho lililobaki, na mrija wa nyongo na mfuko wa chakula. Ni kazi ya saa nyingi. Swali ambalo kila familia inapaswa kuliuliza, hata kama linaonekana kuwa la utovu wa adabu, ni hili: hapa mnafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba katika hospitali zinazoufanya mara chache sana walikufa wagonjwa 16.3 kati ya 100, na katika zile zinazoufanya mara nyingi sana walikufa 3.8. Daktari wetu alilijibu swali hilo kwa takwimu zake mwenyewe, akitaja na waliofariki, pasipo kukunja uso. Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa vyeti vilivyotundikwa ukutani.

Upasuaji ulifanywa, kipande cha veni kikakatwa na kuunganishwa upya, na mjomba akapita katika chumba cha wagonjwa mahututi kabla ya kurudi wodini. Maji ya kongosho yalivuja kidogo kwenye kiungo kipya, tatizo linalojulikana sana baada ya upasuaji huu na linaloogopwa kwa sababu maji hayo humeng'enya nyama ya mwili wenyewe. Mirija ya kutolea uchafu iliachwa hadi uvujaji ulipokoma. Wauguzi wa wodi waliyapima maji hayo kila siku, wakamwinua atembee mapema, na walipomwosha walimsitiri. Ripoti ya patholojia ilitaja kila ukingo uliokatwa kuwa safi, na ikataja idadi ya tezi za limfu zilizochunguzwa na zile zilizokuwa na seli za saratani.

Kuhusu lishe, huduma ilikuwa nzuri kwa upande mmoja na pungufu kwa upande mwingine. Mtu aliyeondolewa sehemu ya kongosho, na hata yule ambaye mfereji wake umezibwa na uvimbe, hushindwa kumeng'enya mafuta. Choo huelea, hunuka, tumbo hujaa gesi, na mgonjwa hukonda huku akila. Vidonge vya vimeng'enya hurekebisha hali hiyo, na mgonjwa wa saratani ya kongosho anastahili kuvipewa hata kama hatapasuliwa. Kipimo cha kuanzia alichopewa mjomba kilikuwa uniti 50,000 za lipasi, kimeng'enya cha mafuta, kwa mlo kamili na 25,000 kwa vitafunio, vikimezwa pamoja na chakula, si kabla wala baada, kwa kinywaji baridi na bila kutafunwa. Mtaalamu wa lishe alilieleza hilo vizuri sana, kwa kutumia vyakula vyetu: mchuzi wa nazi, mahamri, samaki wa kukaanga. Ambacho hakusema ni kwamba vimeng'enya hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Mjomba alikigundua mwenyewe kwenye karatasi ya ndani ya kifurushi, akaviacha kimyakimya, na sisi tukashangaa kwa nini anazidi kukonda. Hatimaye alikwenda kwa imamu wa msikiti wake, naye akamsomea aya ya 173 ya Surat al-Baqara inayomwondolea dhambi aliyeshikwa na dharura pasipo kutamani wala kuvuka mpaka, akamwambia ameze. Kliniki inayowapokea Waislamu wa pwani kila wiki inapaswa kulisema jambo hili siku ya kwanza, kwa heshima, ili mgonjwa apate muda wa kuuliza. Lebo pia inataka dawa ihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na hilo kwa nyumba ya Mombasa mwezi wa Machi linahitaji maelekezo ambayo hatukupewa.

Muuguzi wa tiba shufaa alikuwa nasi tangu kikao cha kwanza, na mwanzoni mkaza mjomba alimwogopa, akidhani amekuja kutuambia kwamba hakuna tumaini. Kazi yake ilikuwa maumivu, usingizi, choo na hofu. Alieleza kwamba mofini ya maji ikipimwa vizuri haimfanyi mgonjwa kuwa mraibu, na kwamba maumivu ya mgongo yanayotoka kwenye kongosho yanaweza kupunguzwa kwa kuchoma sindano ya alkoholi kwenye fundo la neva lililo nyuma yake. Kwa mjomba sindano hiyo haikuhitajika. Kwa wale ambao uvimbe wao haukatiki, ambao ndio wengi, nadhani muuguzi huyu ndiye mtu wa maana kuliko wote katika jengo lile, na ningependa kliniki impe wenzake wa kumsaidia, kwa sababu foleni yake ilikuwa ndefu na alikuwa peke yake.

Gharama ni kubwa, na sitaki kulificha hilo. Ofisi ya fedha ilitupa makadirio ya maandishi kabla ya kila hatua, na tofauti kati ya makadirio na bili ya mwisho ilielezwa kipengele kwa kipengele. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hulipia matibabu ya saratani hadi kikomo cha mwaka kwa kila kaya, na upasuaji mmoja wa aina hii pamoja na dawa hukimaliza kikomo hicho haraka. Familia ilichangishana, na sehemu ya dawa iliyotolewa Mombasa ilipunguza mzigo wa nauli na malazi. Kama kungekuwa na njia ya kuwafanyia wagonjwa wa hospitali za umma kikao kile cha jopo, hata kwa kutumiwa picha kwa njia ya mtandao, kliniki ingewasaidia wengi ambao hawataweza kamwe kulilipia jengo lenyewe.

Lawama yangu ya mwisho inahusu sisi tuliobaki. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya kongosho, 5 hadi 10 wana hitilafu ya kurithi katika jeni, zikiwemo BRCA1 na BRCA2 zinazojulikana zaidi kwa saratani ya matiti. Miongozo ya kimataifa inataka kila mgonjwa wa saratani hii ya vijifereji apewe nafasi ya kupimwa jeni, kwa sababu jibu linaweza kubadilisha dawa anazopewa, na linawahusu watoto na ndugu zake. Mjomba ana mabinti wanne na dada mmoja, ambaye ni mama yangu, na katika miezi yote ile hakuna aliyetutajia kipimo hicho. Tulikiuliza wenyewe alipokuwa amerudi kliniki kwa ukaguzi wake wa kawaida. Daktari wa saratani alikubali kwamba kilipaswa kutolewa mapema, akachukua damu siku hiyo hiyo na kumwandikia mama barua ya kumpeleka kwa mshauri wa masuala ya jeni, ambaye kwa sasa huonana na watu katika kliniki hiyo mara moja kwa mwezi. Mjomba anaendelea kupigwa picha na kupimwa damu kila baada ya miezi michache, anakula, anameza vidonge vyake na chakula, na kisukari chake sasa kinatibiwa kwa insulini chini ya daktari wa Mombasa anayeandikiana na wale wa Nairobi.